Mzee Kushoto Anajibu: Heinze, beki wa klabu 8

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza yule bwana anayeketi na Mikel Arteta kwenye benchi la Arsenal ni nani. Nikamjibu kwa mstari mmoja: ni Gabriel Heinze, Muajentina, kocha msaidizi tangu Julai 2025, zamani beki mkorofi aliyezigombanisha Manchester United na Liverpool. Nikadhani yamekwisha. Loo! Barua zilizomiminika zingejaza gazeti zima, na mhariri kaniachia kurasa nimalize ubishi. Wageni wa safu hii wajue kwamba enzi hizo nilicheza namba 3 katika timu ya shamba la mkonge kule Muheza. Kwa hiyo mabeki wa kushoto nina upendeleo nao, na wala sioni haya.

SWALI: Shikamoo Mzee Kushoto. Nina miaka 19, Arsenal damu. Huyo Heinze simjui kabisa. Wakubwa wa kijiweni kwetu wanasema alikuwa mzururaji tu, leo Hispania kesho Ufaransa, na kwamba beki mzuri hahamihami. Ni kweli?
Gunner wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie hao wakubwa waagize na kashata kwenye hiyo kahawa, labda akili itachangamka.

Heinze alizaliwa tarehe 19 Aprili 1978 huko Crespo, mji mdogo katika jimbo la Entre Ríos, Ajentina. Ni mji wa wafuga kuku, na wakazi wake wengi ni vizazi vya Wajerumani waliohamia huko kutoka kandokando ya mto Volga, Urusi. Ndiyo maana ana jina la Kijerumani, na ndiyo maana wenzake walimwita Gringo. Alikuzwa na Newell's Old Boys ya mjini Rosario, akacheza mechi za kuhesabika, na mwaka 1997, akiwa na umri wako wewe, akapanda ndege kwenda Real Valladolid ya Hispania. Mwaka uliofuata wakampeleka kwa mkopo Sporting ya Lisbon. Akarudi Valladolid, akacheza misimu 2, na mwaka 2001 Paris Saint-Germain wakamchukua.

Mpaka hapo ni kijana anayetafuta namba. Kuanzia hapo hesabu mwenyewe: PSG miaka 3, Manchester United 3, Real Madrid 2, Marseille 2, Roma 1, kisha Newell's tena 2 mpaka alipotundika njumu mwaka 2014. Klabu 8, nchi 6. Mtu akikaa miaka 3 Paris na miaka 3 Manchester, tena akiwa anaanza, huyo si mzururaji.

Ukitaka kujua kwa nini alihama, angalia kila mara ni nani mwingine alikuwa akicheza nafasi yake. Heinze alikuwa na mguu wa kushoto na akili ya beki wa kati. Makocha humgombea mtu wa namna hiyo kwa sababu anaziba mashimo mawili kwa mshahara mmoja. Hilo hilo ndilo linalomponza, maana siku akinunuliwa namba 3 wa kuzaliwa yeye anasukumwa katikati, na siku katikati kukijaa anarudishwa pembeni. Wapo wanaovumilia. Huyu hakuwa mvumilivu.

Na kwa kuwa wewe ni Arsenal, chukua hii ukawatambie. Msimu wa 2001/02 kwenye kikosi cha PSG, chini ya kocha Luis Fernández, walikuwamo Jay-Jay Okocha wa Nigeria, Ronaldinho aliyekuwa ndiyo kwanza kafika kutoka Brazil, Mauricio Pochettino akicheza beki wa kati, Heinze, na kijana wa Kihispania wa miaka 19 aliyeazimwa kutoka Barcelona. Kijana huyo ndiye Arteta. Kocha wenu alimjua huyu bwana miaka mingi kabla hajamwita London.

SWALI: Mzee, habari za siku nyingi. Mimi ni United tangu enzi za Cantona. Heinze tulimwimbia "Argentina, Argentina", na miaka 3 baadaye hatukutaka hata kumsikia. Hebu wakumbushe vijana wa hapa, maana hawaniamini nikiwaambia alikuwa bora kuliko Evra.
Shabiki wa Kondele, Kisumu

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Bora kuliko Evra sitalisema mbele za watu, lakini msimu ule wa kwanza ulikuwa wa moto.

United walimlipia takriban pauni milioni 6.9 mwezi Juni 2004, halafu wakamsubiri. Kwanza alikwenda Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, kule Peru. Ajentina ikafika fainali, ikawa inaongoza 2-1 hadi dakika za nyongeza, Adriano akasawazisha kwa Brazil, na kwenye mikwaju ya penalti Ajentina ikapoteza. Waliokosa ni wawili, D'Alessandro na huyo Heinze wetu. Hakupumzika: kocha wa Ajentina, Marcelo Bielsa, akamchukua kwenda Olimpiki ya Athens akiwa mmoja wa watatu waliozidi umri, pamoja na Roberto Ayala na Kily González. Huko walicheza mechi 6, wakafunga mabao 17, wakafungwa sifuri. Rudia kusoma: sifuri. Fainali ilikuwa tarehe 28 Agosti, 1-0 dhidi ya Paraguay, bao la Carlos Tevez, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Ajentina katika soka ya Olimpiki.

Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, akavaa jezi namba 4 ya United kwa mara ya kwanza kule Bolton na kufunga bao katika sare ya 2-2. Mimi nilikuwa namwangalia kwenye kibanda umiza kimoja pale Ngamiani, Tanga. Kilichonikalisha si bao. Ni vile alivyokuwa akimfuata winga kama mtu anayedai deni lake, anakwatua, anaamka kabla ya mwenzake, na mpira ukitoka anamwangalia refa usoni. Mashabiki wakampigia kura ya mchezaji bora wa msimu, tuzo ile yenye jina la Sir Matt Busby. Kwenye timu yenye Rooney na Ronaldo, tuzo ikaenda kwa beki.

Agosti 2005 akafunga mabao 2 kule Hungaria dhidi ya Debreceni. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Septemba, wakaenda Villarreal kwenye Ligi ya Mabingwa. Mechi ile wengi wanaikumbuka kwa kadi nyekundu ya Rooney, wanasahau kwamba Heinze alitolewa goti likiwa limechanika ligamenti. Msimu ukaishia pale. Kocha Alex Ferguson hakukaa kusubiri: Januari 2006 akamnunua Patrice Evra kutoka Monaco. Evra mwenyewe alianza vibaya, mechi yake ya kwanza dhidi ya Manchester City alitolewa mapumziko. Angeendelea hivyo, tungekuwa tunasimulia habari nyingine leo. Lakini akatulia, na Heinze aliporudi akakuta kitanda kina mtu.

Msimu wa 2006/07 United wakabeba ligi, wawili hawa wakipokezana. Na sasa nakuomba uwaonyeshe hao vijana kipande kimoja cha video: tarehe 24 Aprili 2007, Old Trafford, uwanja wa United, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Milan. Siku hiyo walipangwa pamoja, Evra kushoto, Heinze beki wa kati. Kaká anaukimbilia mpira mrefu, anamzidi ujanja Fletcher, Heinze anakuja, Kaká anausukuma kwa kichwa, Evra anatokea upande wa pili, na hao mabeki wawili wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Kaká anabaki na kipa, anafunga. United walishinda 3-2 siku hiyo na kufungwa 3-0 kule Milan. Watu wanacheka kugongana kule. Mimi kila nikiitazama naona wanaume wawili wa nafasi moja waliolazimishwa kuelewana kwa dakika 90.

Chuki unayoikumbuka ilianza wiki chache baadaye. Barua inayofuata inaingia humo.

SWALI: Shikamoo Mzee Kushoto. Clatous Chama alitoka Simba akaenda Yanga mwaka 2024, watu wakanuna, wakanyamaza. Kwa nini Heinze alizuiwa kuja kwetu Liverpool mwaka 2007 mpaka kukaundwa kama mahakama? Huo si uonevu?
Mwana Kop wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba jirani. Chama mkataba wake na Simba ulikuwa umekwisha. Mchezaji aliyemaliza mkataba ni huru, anakwenda anakotaka, na mwenye kinyongo ameze. Heinze mkataba wake ulikuwa hai. Alichokuwa nacho mkononi ni barua, na habari yote ni ya barua hiyo.

Tarehe 13 Juni 2007 United walimwandikia kwamba wangekubali aondoke ikiletwa ofa ya pauni milioni 6.8. Yeye na watu wake wakaisoma kama ilivyo: bei ni hii, atakayeilipa ndiye mnunuzi. Liverpool ya Rafael Benítez ikaleta pauni milioni 6.8, si pungufu si zaidi. Ferguson akagoma, akasema Liverpool hawampati. United wakashikilia kwamba mazungumzo yote kabla ya barua yalihusu kwenda nje ya Uingereza, na kwamba hakuna mtu mwenye akili zake angeweza kudhani wanamruhusu aende kwa mahasimu wao wakubwa. Heinze akasema barua haikuweka mpaka. Shauri likafika Ligi Kuu ya Uingereza, jopo la watu watatu likakaa Agosti, na likawapa United ushindi: barua, walisema, isomwe kulingana na mazungumzo yaliyoizaa.

Kuna kipande kingine ambacho vijana wa leo hawakijui. Ilielezwa kwenye shauri lile kwamba Crystal Palace walikuwa wamefuatwa na watu wa upande wa mchezaji, wakiombwa wamnunue Heinze wao kisha wamuuze Liverpool. Palace wakawatonya United. Hapo ndipo mimi niliposema huyu bwana hana wa kumtetea tena, maana anayejua barua yake inatosha hatafuti mlango wa uani.

Je, ni uonevu? Nitakuudhi kidogo. Barua ilikuwa na tundu, na aliyeiandika ofisini Old Trafford alistahili kuulizwa. Kwa maandishi peke yake ningempa Heinze haki. Lakini mazoea nayo yana uzito. Mchezaji wa mwisho kuuzwa moja kwa moja kati ya klabu hizi mbili ni Phil Chisnall, aliyetoka United kwenda Liverpool mwaka 1964. Tangu hapo anayetaka kuvuka lazima azunguke: Paul Ince alipitia Inter Milan kabla ya kufika Liverpool, Michael Owen alipitia Real Madrid na Newcastle kabla ya kufika United. Heinze alitaka kukata kona ambayo kwa miaka 43 hakuna aliyeikata.

Mwisho wa mwezi ule ule akauzwa Real Madrid kwa takriban pauni milioni 8, kwa hiyo United hawakupata hasara hata senti.

Na Anfield, uwanja wenu Liverpool, alifika, jirani. Tarehe 10 Machi 2009, akiwa na Madrid, hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa. Refa akaamua mpira umemgusa mkono, ingawa marudio ya picha yalionyesha bega, ikawa penalti, Steven Gerrard akafunga, na ikaishia 4-0. Kisha kuna hili la kukufariji: alipokuwa kocha wa Argentinos Juniors, ndiye aliyempa nafasi kijana mmoja wa kiungo mwaka 2016. Kijana huyo anaitwa Alexis Mac Allister, na klabu aliyoichezea tangu 2023 unaijua.

SWALI: Mzee Kushoto, mimi ni Madrid na sina muda wa barua ndefu. Kwetu alifanya nini?
Mama Hala Madrid, Bukoba

JIBU: Ubingwa wa ligi msimu wa 2007/08 chini ya Bernd Schuster, na Super Kombe la Hispania 2008. Kisha, mama, kuna ile tarehe 2 Mei 2009, Barcelona waliposhinda 6-2 nyumbani kwenu. Yeye alianza namba 3, na mbele yake ubavuni walimweka Marcelo. Nadhani umeshaona kilichokuwa kinakuja. Miezi michache baadaye Marcelo alikuwa bado Madrid, na Heinze alikuwa Marseille.

SWALI: Salamu kutoka Kisauni. Mimi nakumbuka bao la Heinze dhidi ya Nigeria, Kombe la Dunia Afrika Kusini. Tuliambiwa halikuwa halali. Na kuna mtu ananiambia alikuwa akicheza timu moja na beki wa Nigeria. Kweli?
Mtoto wa Mombasa

JIBU: Salamu zimefika, na vyote viwili ni kweli.

Tarehe 12 Juni 2010, Ellis Park, Johannesburg, dakika ya 6. Juan Sebastián Verón anapiga kona, Heinze anatokea pembeni mwa kisanduku akiwa peke yake, anaruka mbele na kuupiga kichwa cha kulala. Vincent Enyeama, aliyewazuia Messi na wenzake siku nzima, hakuugusa. 1-0 na mechi ikaishia hapo hapo. Lalamiko lenu lina msingi: kabla mpira haujafika, Walter Samuel alikuwa amemkumbatia Chinedu Obasi ndani ya kisanduku, ndiyo maana Heinze hakuwa na mtu wa kumkaba. Siku hizi VAR, waamuzi wa video, wangeangalia. Wakati ule refa hakuona, basi.

Beki wa Nigeria unayemuulizia ni Taye Taiwo, namba 3 wa Marseille. Wiki 5 kabla ya mechi hiyo, wawili hao walikuwa wakisherehekea pamoja. Msimu wa 2009/10 Didier Deschamps aliwapa Marseille ubingwa wa kwanza wa ligi baada ya miaka 18, akimtumia Heinze mara katikati, mara kushoto kwa kupokezana na huyo huyo Taiwo. Unaona tena? Klabu nyingine, kitanda kile kile cha watu wawili. Tofauti ni kwamba safari hii alikuwa na miaka 32 na, kwa kumtazama, alikuwa amejifunza kuishi nalo. Mechi iliyotoa ubingwa, tarehe 5 Mei 2010 dhidi ya Rennes, bao la kwanza lilikuwa lake, kwa mpira wa adhabu. Ikaishia 3-1.

Marseille ndiko nilikompenda kuliko kote. Fikiria: alikuwa kipenzi kule PSG, mashabiki wa Paris wanamwimba, halafu anakwenda kwa mahasimu wa PSG wenyewe. Novemba 2009 timu hizo zinakutana Vélodrome, uwanja wa Marseille, mechi iliyokuwa imeahirishwa Oktoba kwa sababu ya homa ya mafua iliyowapata wachezaji wa Paris. Marseille 1, PSG 0. Mfungaji: Heinze. Alichokatazwa Uingereza alikifanya Ufaransa, tena bila jopo.

Katika fainali zile zile za Afrika Kusini, kwenye mechi na Mexico, aligongwa kichwani na kamera ya televisheni wakati wakishangilia bao, akageuka akaipiga kofi kamera. Kofi lile ndilo wajukuu zangu wanalolijua. Bao la Nigeria hawana habari nalo. Safari ikaishia Cape Town kwa 4-0 kutoka kwa Ujerumani. Kwa jumla aliichezea Ajentina mechi 72.

SWALI: Assalaam alaykum mzee wangu. Nimesoma kwamba alitoka Roma akarudi kwao Ajentina akiwa na miaka 34, wakati huku Ghuba wenzake wanakuja kuchukua fedha nzuri kabla ya kustaafu. Alikosa ofa au vipi? Na hiyo Newell's ni timu ya maana?
Mswahili wa Maskati

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Roma alikaa msimu mmoja tu, 2011/12, Luis Enrique akiwa kocha, na hakuna kombe lililopatikana. Tuiache.

Newell's ni timu ya maana sana. Inatoka Rosario, mji aliozaliwa Messi, na Messi mwenyewe alipita katika timu zake za watoto. Uwanja wao unaitwa Marcelo Bielsa. Mahasimu wao ni Rosario Central, na uhasama wa pale usiulinganishe na kitu chochote ulichokiona Maskati. Mashabiki wa Newell's wanajiita wakoma, kutokana na mechi ya hisani ya zamani ya kuwachangia wagonjwa wa ukoma, ambayo wao, kwa masimulizi ya pale, walikubali kuicheza na Central wakakataa.

Sasa sikiliza kwa nini kurudi kule hakukuwa kwenda kupumzika. Ajentina wakati ule hawakushusha timu kwa pointi za msimu mmoja. Walichukua wastani wa pointi za misimu 3, kwa hiyo klabu ikiboronga mwaka huu inaweza kuadhibiwa mwaka kesho kutwa. Newell's ilikuwa imeboronga. Hesabu ilikuwa inaibana shingo. Gerardo Martino, mtoto wa nyumbani, akakubali kuja kuinoa, na mwaka 2012 wakarudi watoto wengine wa nyumbani: Maxi Rodríguez kutoka Liverpool, Ignacio Scocco, na Heinze. Timu iliyokuwa inakimbia kushuka daraja ikatwaa ubingwa wa Torneo Final 2013, ligi ya nusu msimu ya Ajentina.

Mwaka huo huo wakaenda mbali Copa Libertadores, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini. Robo fainali na Boca Juniors ziliisha bila bao nyumbani na ugenini, wakapigiana penalti mpaka 10-9, Newell's wakapita. Nusu fainali wakawapiga Atlético Mineiro ya Brazil 2-0 mjini Rosario, na wakakaribia kabisa. Mechi ya marudiano Belo Horizonte, Mineiro wanaongoza 1-0, taa za uwanja zikazimika. Wakasubiri. Zilipowaka, likaingia bao la pili, na penalti zikawapa Mineiro 3-2. Nyota wa Mineiro alikuwa nani? Ronaldinho, yule yule wa PSG.

Fedha za Ghuba zingekuwepo, sina shaka. Lakini niliwahi kuwaona wachezaji wakubwa wa Tanga wakirudi Coastal Union miguu ikiwa imechoka, kucheza kwa ajili ya mtaa waliozaliwa, na nikikumbuka nyuso zao sioni cha kumuuliza Heinze.

SWALI: Muraho mzee, na shikamoo. Sisi Arsenal wa Kigali tuna wasiwasi. Tumesikia kule Marekani alifukuzwa haraka kwa ukali. Atatuharibia timu?
Bunduki ya Nyamirambo

JIBU: Marahaba. Mlichosikia ni kweli. Atlanta United walimpa kazi Desemba 2020 na kumwondoa Julai 2021, baada ya mechi 13 za ligi alizoshinda 2 tu, na kati yake na wachezaji, akiwamo mfungaji wao Josef Martínez, hakukuwa na maelewano. Alikuwa mkali wa mazoezi na hakubembeleza mtu. Ni mwanafunzi wa Bielsa, mlitegemea nini?

Ila msisome ukurasa huo peke yake. Alianza Godoy Cruz mwaka 2015, haikuenda. Akaichukua Argentinos Juniors ikiwa daraja la pili na kuipandisha kama bingwa msimu wa 2016/17. Akaenda Vélez Sarsfield, akakaa mpaka 2020, na humo akamtoa kijana Thiago Almada. Mac Allister na Almada wote wawili walikuwa kwenye kikosi kilichobeba Kombe la Dunia 2022. Kwa hiyo kuwapika vijana anajua. Kuwabembeleza mastaa waliokwisha kupikwa ndiko kulikomshinda Atlanta, na Newell's nako mwaka 2023 hakudumu.

Arsenal yeye si mkuu. Msaidizi ana ruhusa ya kuwa mkali kwa kundi dogo, mabeki wanne watano kwenye kona ya uwanja, na mkuu ndiye anayebeba magazeti na sura za huruma. Kazi hiyo inamfaa kuliko kiti cha mbele. Mabeki wenu wa kushoto ndio ninaowaonea huruma, maana wamepata mtu anayejua kila kisingizio.

SWALI: Mzee, mimi na shemeji yangu tumewekeana soda kreti moja. Yeye anasema Heinze alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya, mimi nasema hakutwaa. Amua.
Fundi wa Kihesa, Iringa

JIBU: Hakutwaa. Alifika nusu fainali 2007 na United, ile ya Kaká. United wakaibeba Mei 2008 kule Moscow, yeye akiwa Madrid tayari, na misimu yake yote miwili Madrid ilitolewa hatua ya 16 bora, mara ya kwanza na Roma, ya pili na Liverpool. Shemeji alipe, na kama ni soda za chupa, chupa tupu zirudishwe dukani.